Feni Iliyotulia Mbele ya Wakwe

Dada Nafula,

Mvua imefika huko? Hapa mtaani Jericho ni joto, na feni ya dari ya mjomba iliyumba hadi tukaogopa itawaangukia wageni waliokuja kumposa binti yake. Nikamwambia vyombo vya angani vinavyozunguka hufungwa bomba la duara lililojazwa mafuta nusu tu. Mafuta yakisukasuka humo, humeza mtikisiko bila mota. Nikaifunga feni mpira wa maji wenye mafuta, nikauzungusha duara, ncha nikazikaza kwa blada, ule ukanda wa mpira wa tairi.

Ikatulia kabisa! Kisha blada ikaachia, mafuta yakamwagika, upara wa baba wa kijana mposaji ukang'aa.

"Huko angani hakuna wageni chini!" mjomba akafoka.

Mzee huyo akajipangusa kichwa. "Lakini iliacha kuyumba. Posa iendelee, ila mimi nahama kiti."

Mbusu mama. Usimwambie mafuta ya simsim aliyonipa nije nayo yaliishia wapi.

Kakako Barasa