Baba, Nataka Kufundisha Kemia Chuoni

Wete, Pemba

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai goti lako limepata nafuu, na mama anakula vizuri. Mimi mzima, alhamdulillahi. Shangazi ananilisha mpaka gauni la Idi limeanza kunibana.

Baba, juzi kwenye simu uliniuliza nitaomba kusomea nini chuo kikuu. Nikanyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, niliona haya. Sitaki uuguzi unaonitakia. Nataka kusomea kemia, nije niifundishe chuoni.

Najua utasema, "Wewe hata hodi huwezi kuitikia, utafundishaje watu wazima?" Ngoja nikueleze. Bi Rukia, jirani wa shangazi, anafundisha kemia kwenye chuo kimoja hapa. Tangu nimalize kidato cha sita ananiita nimsaidie kuosha vyombo vya maabara. Wiki iliyopita, yeye akiandika ubaoni, mwanafunzi mmoja mwenye ndevu alifungua chupa ya amonia kali akaipeleka puani, kama mnunuzi anayenusa karafuu. Nikapiga kelele, "Weka chini! Si karafuu hiyo!"

Darasa zima likageuka. Yule kaka akasema, "Lo! Kumbe huyu bubu wa Tanga ana sauti!" Wakacheka. Bi Rukia hakucheka. Akaniambia, "Haya mwalimu, waonyeshe inavyonuswa." Nikaishika chupa mbali na uso, nikapunga mkono kuvuta harufu kidogo kidogo, kama mtu anayejivutia moshi wa udi. Sikuthubutu kumtazama mtu usoni, Baba, lakini wote waliniiga.

Nimemuuliza habari za ajira. Hakunificha: nafasi za chuoni hazitoki kila mara, na shahada moja haitoshi, sharti niongeze ya pili. Yeye mwenyewe alianza kwa mkataba, asubuhi Wete, mchana Chake Chake. Lakini anasema wanaosomea kemia mpaka juu si wengi. Na nikikosa darasa la kufundisha, wanaopima maji ya kunywa na wanaotengeneza mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, nao wanahitaji mtu wa kemia.

Nisalimie mama, bibi aliyekuzaa, na kaka Hamadi fundi baiskeli. Mwambie aache kulala kibarazani, mbu watamla.

Baba, ukisema hapana nitasoma uuguzi, wala sitanuna. Ila usinikatalie kwa sababu ya haya zangu. Siku ile nilikuwa nazo zote, na bado wakajifunza.

Bintiyo akupendaye,
Zuhura