Upinde ya Mavivi ni mimi niliharibu

Baba Kambale,

Ni mimi mwenyewe naandika, na herufi zangu za darasa ya tatu ya primaire zenye ulikuwaka unachekelea. Cheka, lakini cheka pole pole, juu iyi barua iko ya haya.

Ulikufa upinde ya ule muzee ya Mavivi haijaisha. Ilibakia kubandika tu zile mbao za urembo, nyembamba kama karatasi, moja ku kila mukono ya upinde. Ulikuwa umezipanga mbili mbili. Kila mbili zimepasuliwa mu muti moja, zikifuatana, na alama ya craie, ile chaki, ku mugongo ili zisichanganyike.

Batu ya matanga bakaanza kufika kwetu Mususa. Unanijua. Hakuna mutu ataingia kwangu akute vumbi. Nikaingia mu atelier yako, kule ulikuwaka unachongea, nikashusha mbao zote, nikapanguza na kitambaa moja moja, nikazipanga kama masahani. Craie yote ikatoka. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Kisha muzee akatuma habari: siku ya kupatia mutoto wake mukubwa upinde ya jamaa imekaribia. Mutoto wetu Kambale akaniambia, « Mama, tuite fundi mwingine achague. » Nikamukaripia. « Nimekaa na baba yako tangu sina hata mvi moja, fundi gani atanifundisha mbao? »

Nikachagua mbao mbili zikiwa kavu. Zote mbili zilionekana sawasawa. Weye ulikuwaka unalowanisha kidole na mate, unapitisha ku mbao, unangojea rangi yenye itatoka. Na mimi ku mulango nasema, « Mutu muzima analamba mbao kama mbuzi inatafuta chumvi. » Ile mate, Baba Kambale. Ni ile tu ilikosekana.

Kambale akabandika, akapakaa mafuta. Mukono moja ikakuwa nyekundu ya libuyu, kama udongo, ingine ikageuka manjano kama punje ya muhindi. Niliona. Macho yangu iko mazima. Nikamwambia, « Iko muzuri, funga mu kitambaa. »

Tukashuka nayo Beni, mpaka Mavivi. Mbele ya jamaa yote muzee akainyanyua juu. Dada yake, ule mwenye mudomo, akasema, « Iyi upinde imevaa viatu ya batu babili. » Bakacheka. Muzee hakucheka. Alisema tu, « Mumusamehe fundi. Macho ilikuwa imemwisha mbele ya kufa. »

Macho yako. Yenye ilikuwaka inaona ufa mu mbao mbele hata ufa yenyewe haijajijua.

Nilikuwa nimekaa kati ya bamama, na sahani ya wali yao ku magoti. Kambale akaniangalia. Nikameza. Nikasema, « Eee, alikuwa amechoka sana. »

Mimi, mwenye nagombezaka hata padri akichelewa misa. Nilikuachia ubebe kosa yangu, weye mwenye huwezi tena kujibu. Na niliendelea kula, Baba Kambale. Nilimaliza ile wali.

Sasa hata hapa Mususa banasema eti pinde zako za mwisho ni za kipofu. Mutu moja alirudisha yake kwa Kambale, upinde muzima, hakuna kasoro, eti aiangalie tena. Kambale anafanya kazi akinipatia mugongo. Nilimuzaa, najua ule mugongo unasema nini.

Donc nimekata shauri. Siku ya ine ya juma nitapanda moto, ile pikipiki, na hii mifupa yangu yote ya uzee, nishuke Mavivi. Nimeshamutumia muzee neno aite jamaa yake tena, na ule dada wake asikose. Sitakaa na bamama. Nitasimama katikati na niseme: craie nilifuta mimi, mbao nilichagua mimi, na macho ya bwana yangu ilikuwa mazima mpaka siku alifunga. Bacheke mpaka bachoke. Mutu wa kuchekwa ni mimi, hapana weye.

Lala, muzee yangu. Mpaka niseme ile neno, sitakuja ku kaburi yako. Sina uso ya kukuletea.

Bibi yako,
Mama Kambale