Wamemfutia Mwanangu Mtihani

Dada, wamemfutia mwanangu mtihani! Ule wa uhasibu, niliokusimulia mpaka ukachoka. Nimeanza na hilo kwa sababu halikutaka kusubiri salamu. Sasa nikusalimie vizuri. Shikamoo, dada yangu. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anakohoa? Sisi huku wazima wa mwili, ila roho zimechafuka.

Binti yetu unamjua. Kutwa nzima amesimama dukani anauza misumari na rangi, akirudi anafungua kompyuta ya kuazima na kusoma. Hicho chuo cha jamii hakina kengele wala mwalimu wa kukusimamia kichwani. Masomo yote yamewekwa mtandaoni, kila mtu anakwenda kwa mwendo wake. Kuna walioanza mwaka jana, bado wako somo la pili. Wangu kamaliza yote, tena mengine huku akikoroga sufuria. Jioni ananieleza, nami nimeshika: kila kitu kinaandikwa pande mbili, na pande zisipolingana, urari umekataa, rudi mwanzo. Mwenye duka ameshasema karani wake wa hesabu anaondoka mwisho wa mwezi, na kiti ni cha binti yetu akileta cheti. Asipokileta, anakalishwa mpwa wa mwenye duka, kijana ambaye kazi yake kubwa ni kuchana nywele.

Mtihani aliufanyia hapa hapa, chumbani kwake, kamera ya kompyuta ikimtazama usoni. Akafaulu, dada, alama tisini na moja! Keshoye chuo kikaandika kwamba matokeo yamefutwa na kozi airudie yote, eti watu wengine walionekana chumbani.

Damu ilinichemka. Nilivaa gauni langu la zambarau nikaenda chuoni mwenyewe, binti akinivuta mkono njia nzima nirudi. Msimamizi wa kozi, kijana mpole mwenye tai fupi, nilimwambia mwanangu hana shida ya kuibia mtihani, kamera yao ndiyo ina matatizo. Akaniuliza kwa adabu kama nina hakika hakuna aliyeingia. Nikamjibu nina hakika kama ninavyolijua jina langu. Nikamwuliza na mimi, mtihani gani huu unafanyiwa nyumbani kwa mtu, halafu mwenye nyumba ahojiwe kwa kupita kwake?

Basi akanigeuzia kioo cha kompyuta.

Dada, kwako siwezi kuficha. Nilijiona. Siku ile nilikuwa nimemwita fundi cherehani wa nyumba ya pili, mke wa kinyozi na yule muuza mayai, waje waone mtoto anavyotahiniwa na mashine. Nilisogeza pazia taratibu, tukaingia kwa kunyata. Kwenye picha nimesimama nyuma ya mwanangu, namwonyesha kwa kidole kama kabati jipya, na muuza mayai anatikisa kichwa kama anaelewa. Binti hakugeuka hata mara moja. Alinyoosha mkono nyuma akatufukuza kama kuku, macho kwenye maswali.

Kumbe mtoto alijua tangu mwanzo kosa ni la nani, na hakunitaja. Alikuwa tayari kurudia kozi nzima kuliko kuniaibisha.

Msimamizi aliitazama tena ile picha, akasema aliyetufukuza vile hakuwa anaibia. Atarudia mtihani, mara moja tu, na safari hii akionekana hata paka, hakuna tena. Mimi bado nimekasirika, nakwambia. Kati yetu wanne, nani angemnong'oneza jibu? Fundi cherehani hata kiuno changu hukikosea kukipima.

Nilimwahidi binti nitajifungia jikoni, sitatoa sauti. Akanishika bega, akasema, "Mama yangu, siku hiyo naomba usiwepo hata mtaani." Hilo liliniuma kuliko barua ya chuo. Lakini nimekubali, kwa ajili ya kile kiti.

Kwa hiyo wasalimie wote hapo, shemeji anywe kitu cha moto, nawe uandae viti. Wale wenzangu watatu nakuja nao, maana siwaamini kuwaacha huku peke yao.

Ni mimi mdogo wako, mama wa mhasibu. Tutegemee Jumamosi, siku yenyewe ya mtihani, asubuhi na mapema, sote wanne.