Chapa Yetu kwenye Ndama wa Della

Ranchi ya Tveit,
S.L.P. 14,
Sorrel Flat, Montana.
11 Juni, 1987.

Mpendwa dada Solveig,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Magoti yako yanaendeleaje na joto la huko Arizona? Mke wangu Marlys aliniambia ulisikika mwenye nguvu kwenye simu, nikashukuru. Sisi ni wazima. Mvua imenyesha mara mbili wiki hii, na majani ya kukata yamefika kiunoni kule bondeni.

Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla binamu yetu Harlan hajakupigia. Chapa ya ng'ombe aliyotuachia baba imeandikishwa kwa majina yetu sote wawili, kwa hiyo aibu niliyoiletea imekufikia na wewe, usiye na kosa.

Aprili tulipigwa na dhoruba ya theluji ya siku tatu. Ilituulia ndama kumi na mmoja. Iliangusha pia ua ulio kati yetu na jirani yetu Della Brekhus. Sheria ya ua unaijua: simama katikati mtazamane na jirani, nusu iliyo mkono wako wa kulia ni yako kuitunza. Iliyoanguka ilikuwa nusu yangu. Nguzo zilikuwa zimeoza tangu mwaka jana, nami nikiziona kila nilipopita.

Ng'ombe wakachanganyika. Della alikuwa hospitalini kwa nyonga yake, basi nikawatenganisha peke yangu. Majike walikuwa rahisi, kila mmoja ana chapa. Ndama niliwatazama wanakimbilia kiwele kipi. Akabaki mtamba mmoja mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mama yake nilikuwa nimeshamvusha kwa Della. Solveig, usinitafutie udhuru kwamba nilichanganyikiwa. Nilijua.

Siku ya kupiga chapa majirani walikuja kusaidia kama kawaida. Yule mtamba alipolazwa chini karibu na moto, mtu akauliza ni wa nani. Nikasema wetu. Marlys alinitazama kidogo, kisha akanipa chuma cha chapa. Hatukulizungumza tena, si mezani wala kitandani.

Unakumbuka kwamba kila mwaka chama cha wafugaji huwafundisha vijana misingi ya sheria pale ukumbi wa kanisa: maji, ua, mikataba ya kukodisha mashamba, kunyunyiza dawa siku ya upepo. Somo la mifugo iliyopotea limekuwa langu kwa miaka tisa. Jumamosi moja mwezi uliopita nililifundisha kana kwamba hakuna kitu. Nilikuwa katikati ya maelezo Della alipoinua mkono kule nyuma, magongo yake yameegemea kiti.

"Orrin, jirani yangu, nisaidie," alisema. "Mtu akikuta ndama asiye na chapa kwenye ng'ombe wake, na anajua si wake, afanye nini?"

Nikajibu kwamba asimguse na chuma, awaulize majirani na amwite mkaguzi wa chapa.

"Na kama ameshampiga chapa yake?"

"Huo ni wizi wa mifugo."

"Ahsante. Niliogopa labda wameibadilisha sheria nikiwa nimelala hospitali."

Watu wakacheka, wakidhani bibi anatania. Nami nikacheka nao. Dada, kicheko hicho kinaniuma kuliko ndama mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwake. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema niingie, nisisimame pale kama muuza Biblia. Kumbe siku aliyorudi nyumbani alimwona yule mtamba amepenya chini ya seng'enge, ananyonya ng'ombe wake, na chapa yetu mbichi ubavuni. Nikamuuliza kwa nini hakumwita mkaguzi siku ileile.

"Nilitaka uje kwa miguu yako mwenyewe," alisema. "Nilikupa mpaka Jumanne."

Akanisogezea simu. Nilimpigia mkaguzi kutoka jikoni kwake, naye akiendelea kumenya viazi, hakuinua uso hata mara moja.

Mkaguzi alikuja mchana. Tulimwachilia ndama zizini kati ya ng'ombe wa Della, naye akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Ushahidi huo ulimtosha mkaguzi, hakuhitaji maneno yangu, lakini niliyasema yote, naye akayaandika. Mwendesha mashtaka alinionya kwamba watu hufungwa kwa kosa kama hili. Kwa kuwa nilijisema mwenyewe, na Della hakutaka kushtaki, hakunipeleka mahakamani. Faili linabaki. Somo nimelirudisha kwa chama, na ua ninaujenga upya, nguzo mpya kutoka kona hadi kona.

Chapa haifutiki. Mkaguzi aliniagiza nimshike ndama wakati chapa ya Della ikipigwa chini ya yetu. Nilimwambia Della nadhani atamuuza msimu ujao, asimwone tena. Akasema mtamba mzuri kama huyu hauzwi, atamzalia miaka kumi, kumi na miwili. Malisho yake yako kando ya barabara ya mjini, unajua. Kila apitaye atazisoma zote mbili.

Marlys sasa anaongea nami juu ya jambo hili. Aliniambia yeye ndiye aliyenipa chuma, kwa hiyo nisijifanye nilikuwa peke yangu. Tulilia kidogo, wazee wazima.

Ndani ya bahasha utakuta fomu ya kubadilisha wenye chapa. Nimeweka sahihi yangu. Mstari wa jina linaloondolewa nimeuacha wazi. Andika lako, kama hutaki kuhusishwa nami, au langu, kama unaona chapa ya baba isibaki mikononi mwangu. Sitauliza sababu.

Nisalimie shemeji Leland na mwanao Karin, na umbusu mjukuu. Mungu awatunze, akupunguzie maumivu ya magoti, na akupe moyo wa kunisoma hadi hapa.

Wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
Orrin