Kitabu Nilichokiponda

Nyakato, Mwanza

Mpwa wangu Odeta,

Huku mvua imekatika na dagaa wanaanikwa tena. Mimi sitoki kitandani. Barua hii naitamka, anaiandika mkwe wangu Dorcas.

Mwaka juzi ulipoleta riwaya yako kwenye kundi letu la wasomaji la WhatsApp, wote walinisubiri mimi, mwalimu mstaafu, niseme kwanza. Nikasema kitabu hakina kichwa wala miguu. Masele akaandika, "Mwalimu ameshasema, leteni kingine." Hakuna aliyekifungua. Nawe ukajitoa, na nasikia hujaandika tena.

Odeta, sikukisoma. Macho yalikuwa yameshaniishia, na niliona aibu kukiri mbele ya watu walioniamkia kila asubuhi na kuniuliza wasome nini. Ningekisifu, wangeniuliza maswali. Nilipokiponda, hakuna aliyeuliza.

Wiki hii Dorcas amenisomea chote. Katikati alisita. "Baba, hiki ndicho ulichosema hakina kichwa wala miguu?"

"Soma, mama," nikamwambia.

Tulipomaliza, aliomba abaki nacho akirudie peke yake.

Leo nimerekodi sauti nikaituma kwenye kundi, nikaeleza kila kitu, hata habari ya macho. Masele amejibu, "Tumekuelewa, Mwalimu. Mpwa ni mpwa." Wengine wakacheka.

Hawakuniamini. Miaka yote nimewafundisha kuamini neno langu, na hili la kweli wamelikataa.

Ni mimi mjomba wako niliyekukosea,
Nkwabi