Kapteni Asiyemjibu Mama Yake

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kitale tu wazima. Mama yako anavuna maharagwe, na mgongo wangu umetulia kidogo.

Umeniuliza mbona naigombeza televisheni kila Jumapili. Ni huyo kapteni wenu wa anga, bana. Anaruka kutoka nyota hadi nyota, anapigana na majitu ya chuma, lakini mama yake akimwambia aolewe na mwana wa waziri, anainamisha kichwa. Na yule fundi wa mitambo anayempenda amesimama pale pale. Wiki ya sita sasa. Amenichosha.

Mimi pia niliwahi kuinamisha kichwa. Nilikuwa msichana kule Tongaren, nikimpenda Wafula, kijana wa mashine ya kusaga mahindi. Wazee wakaja kutoka Kanduyi kumposea babu yako. Baba akaniuliza mbele yao, "Unakubali?" Nikatazama sakafu. Akauliza tena. Nikanyamaza, nikidhani ameshaamua.

Babu yako alikuwa mtu mwema, sina lawama naye. Lakini miaka mingi baadaye nilimweleza baba habari za Wafula. Akanitazama kwa mshangao.

"Si nilikuuliza mara mbili?" akasema. "Ungekataa, ningewarudisha."

Sasa nasikia wageni wa posa yako wanakuja Desemba, na kila mama yako akikuuliza, unajibu "sawa" na kukata simu. Ati sawa. Sawa gani hiyo? Mpigie leo umwambie lililo moyoni, liwe ndiyo au hapana. Anakuuliza kweli.

Ni mimi, kukhu wako anayekupenda.