Jirani Anayekuondolea Theluji

Mjukuu wangu Mwanasha,

Nakusalimu kutoka Mwabungo. Sote wazima, ila kikohozi cha babu yako huzidi akiona wageni.

Waniandikia kwamba huko Kanada waenda dukani na kazini kwa miguu, lakini wataka kuhama mtaa kwa sababu mzee jirani hukuondolea theluji mlangoni kila asubuhi bila kuombwa. Waniuliza anatafuta nini. Kushuku umerithi kwangu.

Nilipoolewa hapa, jirani yetu Bi Mwanatumu alinifagilia mlangoni kila alfajiri. Nikajua anazoa mchanga wa nyayo zangu akaniroge. Nikaanza kuvaa viatu vikuukuu vya babu yako kila nitokapo, ili akiroga, amroge yeye.

Asubuhi moja nikamvizia.

"Bi Mwanatumu, watafuta nini kwenye nyayo zangu?"

"Zako zi wapi? Mwanzo nilikuwa nafuta uvivu wako, mwanangu. Sasa nafuta alama za viatu vya mwanamume, na mumeo yuko kisiwani Funzi tangu Ijumaa. Mama mkwe wako akiziona, leo utalala kwenu."

"Ni viatu vyake mwenyewe!"

"Basi kamweleze mama mkwe wako."

Nikampokea ufagio.

Kwa hivyo usihame kwanza. Kesho tangulia kuamka, umwamkie, umwulize. Mimi sikuacha kumchunguza Bi Mwanatumu, naye hakuacha kunichunguza. Siku uchungu wa kumzaa mama yako uliponishika, alifika kabla sijamwita.

Ni mimi bibi yako,
Mwanaisha